Umeme wa nyaya na umeme wa ubongo

Seli ya ubongo huishi kwa umeme wake yenyewe. Kati ya ndani na nje ya seli hiyo pana tofauti ya takriban milivolti 70, upande wa ndani ukiwa hasi, na kinachozitenga pande hizo mbili ni utando wenye unene wa nanomita chache tu. Milivolti 70 ni kidogo, lakini zikibanwa katika wembamba huo huzaa uga wa umeme wa karibu volti milioni 10 kwa mita. Pampu zilizomo utandoni husukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani usiku na mchana, mtu akiwa macho au amelala fofofo, na kazi hiyo hula sehemu kubwa ya nguvu yote ambayo ubongo huitumia. Ujumbe unapotakiwa kwenda, milango ya sodiamu hufunguka, volti ya ndani hupanda, na ikishavuka kizingiti cha karibu milivolti hasi 55 seli hufyatuka: mpigo unaodumu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde hukimbia hadi mwisho wa uzi wake. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliueleza mwenendo huo kwa hesabu mwaka 1952 baada ya kupima neva nene ya ngisi, na mwaka 1963 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kiungo kinachofanya kazi kwa umeme kikikaa jirani na umeme mwingine, ni haki kuuliza kama huo wa nje unakisumbua. Huuliza mzazi ambaye nyumba yake imepakana na mkuza wa njia ya umeme, yaani ukanda wa ardhi ulioachwa wazi kwa ajili ya nyaya, huuliza pia fundi anayeshinda katika kituo cha kupoza umeme. Mjadala wenyewe umeharibiwa na pande mbili zinazopigiana kelele: wanaoamini kwamba nyaya zinaunguza ubongo wa kila aliye karibu nazo, na wanaokana kwamba lolote linaweza kutokea. Pande zote mbili huruka swali lilelile, nalo ni la kiasi: uga una ukubwa gani, unamfikia mtu kwa muda gani, na ukishaingia kichwani unabaki kiasi gani.

Umeme wa majumbani Afrika Mashariki, kama ule wa Ulaya, hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde, yaani hezi 50. Marekani ni hezi 60. Masafa haya ni ya chini mno; redio ya FM hurusha kwa hezi milioni 88 hadi 108, na simu za mkononi huenda juu zaidi ya hapo. Miale ya eksirei hubeba nguvu ya kutosha kuvunja DNA moja kwa moja. Chembe ya nishati katika masafa ya hezi 50 haifikii hata sehemu moja ya trilioni ya nguvu inayohitajika kuvunja muungano wa atomi mbili. Wala uga wa nyaya haupashi mwili joto kama ifanyavyo oveni ya maikrowevu. Anayeuita uga huu “mionzi” na kuuweka kapu moja na eksirei amekosea mlango kabla hajabisha hodi.

Waya wa umeme huzungukwa na nyuga mbili. Uga wa umeme hutokana na volti, kwa hiyo upo hata taa ikiwa imezimwa, maadamu waya una umeme. Ukuta, mti na ngozi ya binadamu huuzuia kwa urahisi. Uga wa sumaku huzaliwa na mkondo unapopita. Huu hauzuiliwi na tofali wala bati wala fuvu la kichwa, na ndiyo maana tafiti nyingi zimeuelekea. Hupanda na kushuka kwa kadiri ya matumizi: saa moja jioni, wakati mji mzima unapika na kuwasha taa, njia ileile huzungukwa na sumaku kubwa kuliko usiku wa manane. Tena, ukubwa wa volti si kipimo cha ukubwa wa sumaku. Kiasi kilekile cha nguvu kikisafirishwa kwa msongo wa kilovolti 400 huhitaji mkondo mdogo kuliko kikisafirishwa kwa kilovolti 33, na hofu inayopimwa kwa urefu wa nguzo mara nyingi huangalia kitu kisichohusika.

Uga wa sumaku hupimwa kwa mikrotesla. Ndani ya nyumba iliyo mbali na njia kubwa, kipimo huwa karibu 0.1 au chini yake. Chini kabisa ya nyaya za msongo mkubwa kinaweza kufika 20 hivi. Kikausha nywele kikisogezwa sentimita tatu kutoka kichwani kinaweza kutoa zaidi ya 1,000, lakini kikirudishwa umbali wa mkono mmoja hubaki sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Sumaku ya dunia yenyewe, kwa Afrika Mashariki, ni kama mikrotesla 33 au 34. Hiyo imetulia, haigeuki mara 50 kwa sekunde, na kwa mtu aliyekaa kimya haizalishi umeme mwilini.

Kugeuka huko ndiko kiini cha jambo. Tangu Michael Faraday mwaka 1831 inajulikana kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme ndani ya kitu kinachopitisha umeme, na ubongo, ukiwa na maji ya chumvi tele, ni kitu cha namna hiyo. Uga wa mikrotesla 100 wa hezi 50 huzaa kichwani kama milivolti 2 hadi 3 kwa mita. Uga wa umeme wa nje nao hudhoofishwa vikali: mtu akisimama mahali penye volti 5,000 kwa mita, chaji hujikusanya kwenye ngozi na kuukabili uga huo, na kinachofika kwenye ubongo ni kama milivolti 10 kwa mita, sehemu moja katika laki tano. Sasa iangaliwe seli. Uga wa volti 1 kamili kwa mita husogeza volti ya utando wa nyuroni kwa milivolti 0.1 hadi 0.2. Kwa milivolti 3 kwa mita, utando husogea kwa chini ya mikrovolti 1. Seli iliyotulia huhitaji kusogezwa mikrovolti 15,000 ndipo ifyatuke.

Mwaka 1991 mwanafizikia Robert Adair wa Chuo Kikuu cha Yale aliongeza hoja nyingine: molekuli za mwili hazikai tuli, hutikisika kwa joto lake, na mtikisiko huo huzaa umeme wa kubahatisha unaoufunika kabisa uga dhaifu wa nje. Hoja hiyo ni nzito na haijawahi kupuuzika. Hata hivyo, maumbile yanajua namna ya kusikia mnong’ono penye makelele. Papa hutambua uga wa nusu ya sehemu moja ya milioni ya volti kwa mita, na kwa hisi hiyo humpata samaki aliyejificha mchangani. Katika Ziwa Victoria na Mto Nile wapo samaki wa jamii ya Mormyrus, wenye mdomo mrefu, wanaotoa mipigo midogo ya umeme na kuitumia kutambua vitu katika maji ya giza. Hawa wameumbiwa viungo maalumu vya kupokea umeme, vyenye seli nyingi zinazofanya kazi pamoja. Kichwa cha binadamu hakina viungo hivyo, lakini kanuni ya wengi kuungana inahusu ubongo wake pia.

Hapa ndipo penye sayansi ya kuvutia kuliko yote katika suala hili. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichukua vipande vya hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, wakaonyesha kwamba mtandao wa seli zilizounganika huitikia uga wa karibu volti 0.14 kwa mita, kiwango cha chini kuliko kile ambacho seli moja ikiwa peke yake ingekitambua. Mwaka 2010 Flavio Fröhlich na David McCormick walikwenda mbali zaidi. Seli nyingi zinapofyatuka pamoja huacha uga nje yao, ule ambao Hans Berger aliunasa kwenye fuvu la binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Kwa miaka mingi uga huo ulichukuliwa kama moshi wa jiko, alama tu kwamba ndani kuna kinachopikwa. Wawili hao walionyesha kwamba moshi wenyewe hurudi na kuuchochea moto: uga unaotoka kwa seli huzisukuma seli hizohizo ziende kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo ubongo huathiriwa na nyuga dhaifu, na hoja kwamba haiwezekani haisimami. Lakini volti 0.14 kwa mita ni kama mara 50 ya kile kinachozaliwa kichwani na mikrotesla 100, na ni makumi ya maelfu ya mara ya kile cha nyumba ya kawaida.

Athari moja ya nyuga za masafa ya chini kwenye tishu ya ubongo haina ubishi. Mwaka 1896 daktari Mfaransa Arsène d’Arsonval aligundua kwamba mtu akiingiza kichwa ndani ya koili kubwa yenye mkondo wa kupishana huona mwanga unaometameta, ingawa hakuna taa. Retina ni sehemu ya ubongo iliyochomoza hadi jichoni wakati mtoto yungali tumboni, na ndiyo inayoitikia kwanza. Mwanga huo huonekana kwa urahisi zaidi karibu na hezi 20, kwa uga wa militesla kadhaa, yaani maelfu ya mikrotesla. Koili ikizimwa, hutoweka. Juu ya ugunduzi huo vimejengwa viwango vya kimataifa vya leo. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ayoni, ICNIRP, iliweka mwaka 2010 kikomo cha mikrotesla 200 kwa umma na 1,000 kwa wafanyakazi, kwa umeme wa hezi 50. Kikomo cha umma cha mwaka 1998 kilikuwa 100. Ni muhimu kuelewa kikomo hiki kinalinda dhidi ya nini: mshtuko wa neva na miwako ya macho, mambo yanayotokea papo hapo. Hakikuwekwa kwa kupima miaka 20 ya kulala karibu na njia ya umeme. Anayemwonyesha mkazi namba ya 200 kama jibu la hofu ya miaka mingi anajibu swali ambalo halikuulizwa.

Swali la muda mrefu lilipelekwa maabara, na historia yake ina mabonde mengi. Mwaka 1976 Suzanne Bawin na Ross Adey wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliripoti kwamba tishu ya ubongo wa kifaranga wa kuku ikiwekwa kwenye uga dhaifu wa umeme wa hezi 6 au 16 hutoa kalsiamu kidogo kuliko kawaida. Kalsiamu si madini ya mifupa tu. Kwenye ncha ya neva ndiyo inayotoa amri ya kumwaga kemikali zinazobeba ujumbe kwenda seli ya pili, na ndani ya seli hiyo huamua hata jeni zipi ziamshwe. Jambo la ajabu lilikuwa kwamba athari ilionekana katika masafa fulani na nguvu fulani tu, kana kwamba kuna madirisha. Nje ya madirisha hayo haikuonekana. Dirisha linaweza kuwa siri ya maumbile. Linaweza pia kuwa bahati ya namba, kwa sababu anayejaribu masafa mengi hatakosa moja linaloonekana kuitikia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 imani ilipata pigo jingine: mtafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani alionekana na ofisi ya serikali ya maadili ya utafiti kuwa alighushi data kuhusu kalsiamu na nyuga za umeme katika seli za kinga. Uongo wa mtu mmoja haufuti kazi za wengine, lakini tangu hapo hakuna sababu ya kupokea matokeo ya aina hii kabla maabara nyingine haijayarudia.

Kuyarudia ndiko kulikoshindikana mara nyingi. Mwaka 1997 Henry Lai na Narendra Singh wa Seattle waliripoti kukatika kwa nyuzi za DNA katika seli za ubongo wa panya waliowekwa kwenye uga wa hezi 60 kwa saa mbili. Habari hiyo ilienea, na hadi leo hutajwa kama jambo lililokwisha. Watafiti wa Kanada walioutafuta uharibifu huohuo kwa wanyama wachanga na wakubwa, wakitumia militesla 1, hawakuukuta.

Matokeo ya Roma yana sura nyingine. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki liliweka seli shina za ubongo wa panya wachanga katika uga wa hezi 50 wenye militesla 1, na mwaka 2008 likaripoti kwamba seli nyingi zaidi ziligeuka kuwa nyuroni, kwa njia ya milango ya kalsiamu kwenye utando. Mwaka 2010 likaripoti kwamba hata ndani ya panya hai, nyuroni mpya ziliongezeka katika hipokampasi. Habari hii ingepaswa kumtuliza kila aliyezoea kusikia neno “athari” na kuelewa “madhara”. Kiswahili cha kila siku huyachanganya maneno hayo mawili, na magazeti huuchochea mchanganyiko huo. Athari ni badiliko. Badiliko linaweza kuumiza, linaweza kuponya, linaweza kupita bila mwili kujali. Na militesla 1 ni mikrotesla 1,000, kama mara elfu kumi ya sumaku ya sebule ya kawaida. Kinachotokea kwenye kisahani cha maabara kwa kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa chumbani kwa mtoto bila hesabu.

Upande wa takwimu za magonjwa, moshi ulianzia Denver mwaka 1979, ambako Nancy Wertheimer na Ed Leeper waliona saratani ya damu kwa watoto ikielekea nyumba zilizo karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa. Mwaka 2000 chambuzi mbili zilizounganisha data za nchi kadhaa zilikuta kwamba watoto walioishi kwenye wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.3 au 0.4 walikuwa na hatari ya saratani hiyo iliyokaribia au kufikia mara mbili. Watoto wa kundi hilo walikuwa wachache, na hakuna aliyeweza kuonyesha njia ambayo uga mdogo kiasi hicho ungeleta ugonjwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka nyuga hizi mwaka 2002 katika kundi la 2B, “huenda zikasababisha saratani”. Hiyo ni saratani ya damu. Kwa uvimbe wa ubongo, uhusiano wa namna hiyo haukuonekana kwa watoto.

Ubongo wenyewe umeguswa na maswali ya uzee. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2009 ulikuta vifo vya ugonjwa wa Alzheimer vikiwa karibu mara mbili kwa watu walioishi miaka 15 au zaidi ndani ya mita 50 za njia za kilovolti 220 hadi 380. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2013 haukuunga mkono matokeo hayo. Kwa wafanyakazi wa umeme, tafiti kadhaa zimeona ongezeko dogo la ugonjwa wa kudhoofika kwa neva zinazoendesha misuli, lakini hao hao hupigwa shoti kazini mara kwa mara, na kutenganisha sumaku na shoti ni kazi ngumu. Hili ndilo eneo linalostahili fedha za utafiti kuliko yote yaliyotajwa, kwa sababu wafanyakazi hao wapo, vipimo vyao vinachukulika, na kiwango kinachowafikia ni kikubwa kuliko cha jirani yeyote wa nguzo.

Yapo pia malalamiko ya watu wanaosema kichwa huwauma au usingizi huwakimbia wakiwa karibu na vifaa vya umeme. Maumivu yao ni ya kweli. Walipowekwa katika majaribio ambayo wao wala mpimaji hawakujua lini uga umewashwa, hawakuweza kuutambua, wala dalili hazikuufuata uga. Wanahitaji daktari wa kutafuta chanzo, na anayewauzia vitambaa vya kukinga uga anawapotezea muda huo.

Ili kuona kinachohitajika hasa ili uga wa sumaku uamrishe ubongo, inatosha kutazama hospitali. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha mpigo mfupi wa mkondo mkubwa, na misuli ya mkono ikashtuka. Koili hizo hutoa uga wa zaidi ya tesla 1 na kuzalisha ndani ya ubongo kama volti 100 kwa mita, makumi ya maelfu ya mara ya kile cha mikrotesla 100. Tangu mwaka 2008 tiba hiyo imeidhinishwa Marekani kwa sonona isiyosikia dawa. Grenoble, Ufaransa, Alim Louis Benabid aliwahi mwaka 1987 kutumia umeme wa zaidi ya mipigo 100 kwa sekunde kutuliza mtetemeko kupitia waya mwembamba uliozamishwa ndani kabisa ya ubongo, na wagonjwa wengi wa Parkinson wanatembea leo kwa sababu ya kazi hiyo.

Inabaki hali ya ardhini. Afrika Mashariki inajenga njia nyingi za kilovolti 400, kama ile inayotoka Bwawa la Julius Nyerere kwenda Chalinze, na miji inaisogelea mikuza kila mwaka. Mkuza uliwekwa kwanza kwa ajili ya hatari zinazoua papo hapo: waya uliokatika, mti uliogusa laini, mtoto aliyepanda nguzo. Anayejenga ndani ya mkuza kwa kuwa amesikia hofu ya sumaku haina ushahidi anacheza na kifo kingine kilicho wazi kabisa. Nje ya mkuza sumaku hushuka haraka, na mita 50 hadi 100 kutoka kwenye njia kwa kawaida huwa imefikia kiwango cha nyumba nyingine yoyote. Mara nyingi chanzo kikubwa zaidi kiko ndani: nyaya zilizofungwa vibaya, ambazo mkondo wake wa kwenda na wa kurudi hupita njia tofauti, huacha sumaku chumba kizima na kuongeza hatari ya shoti.

Shirika la Afya Duniani, katika tathmini yake ya mwaka 2007, halikuona sababu ya kushusha vikomo hadi namba za kubuni, lakini lilisema hatua za gharama ndogo za kupunguza uga ni za busara wakati wa kujenga mitambo mipya. Msimamo huo unafaa kuchukuliwa kwa uzito. Mkazi ana haki ya kupimiwa na kuonyeshwa namba ya mikrotesla ya mlangoni pake, jioni matumizi yanapokuwa juu. Mhandisi naye ana kalamu yenye uwezo kuliko vitambaa vyote vya kukinga: kwenye njia pacha zinazobeba mkondo kuelekea upande mmoja, fazi za njia ya pili, yaani nyaya zake tatu, zikipangwa kwa mpangilio uliogeuzwa, sumaku za pande mbili hukatana kwa sehemu kubwa, na nyaya zikiinuliwa mita chache uga wa chini hupungua tena. Yote mawili huamuliwa kwenye mchoro, kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.